Jina Lina Mashahidi Wawili

Ukishuka kutoka Kitale kuelekea Kamukuywa, usimwambie mtu wa boda jina la kata wala la kijiji. Hatakuelewa, na akikuelewa atajifanya hajakuelewa. Mwambie: nishushe Wait For Me. Hapo ndipo mwanamume mmoja alipoonekana akikimbiza lori lililombeba mkewe pamoja na kabati, akipiga kelele angojwe. Hatua mia mbele yake ni Ask My Husband, ambapo mama mmoja alimjibu mhubiri aliyetaka kumwokoa kando ya barabara akamwulize mumewe. Ukipita kinu cha mahindi unaingia Am Coming. Aliyesema anakuja aliwaambia wakwe zake, waliokuwa wameketi wakingoja ng'ombe, kisha akavuka mpaka wa Uganda, na wakwe wanaendelea kuzeeka.

Watu wa huku wana lugha tatu na kila moja ina kazi yake. Kibukusu ni cha nyumbani na matanga. Kiswahili ni cha kununulia na kuuzia. Lakini mtu akikasirika au akiogopa kwelikweli, hapo Kizungu ndicho kinachomtoka, hata kama alikiacha shuleni miaka ishirini iliyopita. Na kwa kuwa hasira na woga ndivyo binadamu anavyovikumbuka zaidi, kando ya barabara pakajaa Kizungu.

Usidhani majina hayo hutolewa ovyo. Watu wa boda wana sheria yao, na wanaiheshimu kuliko ile ya helmeti. Maneno lazima yawe yalitamkwa pale pale, na wawepo watu wawili waliosikia kwa masikio yao. Shahidi mmoja ni umbea. Jina likishashika halitoki, mpaka yule aliyelitamka aje mwenyewe mbele ya steji, kituo chao cha pikipiki, aseme ameyameza maneno yake. Walubengo, mwenyekiti wa steji, alikuwa ameongoza kikao cha namna hiyo mara moja tu maishani, maana watu wa huku hawamezi kitu kirahisi isipokuwa ugali.

Gathoni alikuwa akiuza viazi na kabichi kwenye kipande kiitwacho Go Back Home. Jina hilo lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeambiwa.

Ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa ametoka Kitale na magunia manne ya viazi, akatandaza mfuko chini mkabala na duka la Roselyne, akapanga viazi vyake kwa mafungu. Roselyne alitoka dukani na mikono imejaa unga. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kidato cha nne na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alisema hapo ndipo lori lake hupakulia bidhaa. Gathoni akamjibu kwamba kando ya barabara hakuna hatimiliki. Wakajibizana mpaka Kiswahili kikawaishia, ndipo Roselyne akanyoosha kidole kuelekea Kitale akamwambia, "Go back home." Watu watano wa boda walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao wakitafuna miwa. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kesho yake abiria wa kwanza alishushwa Go Back Home.

Arudi nyumbani, haya, nyumbani wapi? Babu yake alinunua shamba nje ya Kitale kabla mama yake hajaolewa. Gathoni alizaliwa huko, akabatizwa huko, na huko Nyeri kwa mababu alikwenda mara mbili tu, zote za mazishi. Kutoka Kitale hadi pale alipokuwa amesimama, chai ndani ya chupa haipoi. Lakini kila mtu alijua Roselyne hakumaanisha Kitale, alimaanisha Nyeri.

Hakurudi. Akajenga kibanda cha mabati, akapanga chumba nyuma yake, akamlelea humo binti yake Ciru, na watu wakazoea kumwita Mama Ciru. Kwa miaka kumi na miwili alilisikia lile neno kutwa nzima, kwenye midomo ya watu ambao hata hawakumtazama. Mabibi wa kanisa walishuka Go Back Home. Mwalimu mkuu alishuka Go Back Home. Ciru mwenyewe, alipojaza fomu ya chuo, aliandika kwamba anaishi Kamukuywa, Go Back Home, kwa mwandiko mzuri kabisa, na mama yake akatoka nje akajifanya anamwaga maji.

Miaka ya kawaida jina lilikuwa jina tu. Mwaka wa uchaguzi, makabila yanapotazamana vibaya, lilikuwa linaota meno. Vijana walipita wakilitamka polepole wakimwangalia usoni, na yeye alifunga kibanda mapema akalala na viatu miguuni. Basi mtu asimwambie Gathoni kwamba jina ni mzaha.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Edah, karani kutoka Bungoma, msichana mpole mwenye daftari kubwa na miwani inayoteleza. Kaunti ilikuwa imeamua kuweka mabango ya vituo vidogo, ili gari la wagonjwa likiitwa lijue pa kusimama. Edah alisema majina yatakuwa yale yale wanayoyatumia wananchi. Kikao kingekuwa Alhamisi saa nne asubuhi, pale steji, na kila kipande kingesomwa na kuthibitishwa.

"Likiandikwa kwa chuma limeandikwa," Walubengo alimwambia Gathoni. "Mimi sina shida na wewe, Mama Ciru. Rakini sheria ni sheria. Enda uongee na yeye ameze. Akimeza, hata wewe tunakupatia jina ingine poa."

Gathoni alikaa siku tatu akijishauri. Siku ya nne akavua aproni, akafunga leso mpya, akavuka barabara. Hatua ishirini zilizomchukua miaka kumi na miwili. Roselyne alikuwa nyuma ya kaunta akipanga sabuni. Alikuwa amekonda tangu msiba wa mwanawe, na shingo ilikuwa imebaki mishipa, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Sijakuja kupigana, Mama Tonny," Gathoni akasema.

"Basi umekuja kununua."

"Nimekuja juu ya hiyo jina. Watu wa kaunti wanaiandika. Si useme tu umemeza, iishe. Mimi na wewe tumezeeka na hii maneno."

Roselyne aliendelea kupanga sabuni moja juu ya nyingine. Alipomaliza akaipangua ile ya juu, akaipanga tena.

"Wewe ndio unakuja kuniomba? Wewe?" akasema. "Unataka nifungue mdomo nikusaidie. Wewe mdomo yako unajua kuifunga, si uifunge basi. Toka kwa duka yangu."

"Nimekukosea nini mimi, kando na kuuza viazi?"

"Toka."

Gathoni akatoka. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. Alipokuwa katikati ya barabara, pikipiki mbili zikampigia honi na yeye akasimama tu, maana kulikuwa na kitu kimemjia kichwani. Kilikuwa humo miaka sita. Alikuwa hajawahi kukishika kama mtu anavyoshika jiwe.

Chini kidogo ya duka, baada ya kona, kuna kalvati, bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara. Kipande hicho hakikuwa na jina. Abiria wa hapo walisema tu nishushe mbele ya kona, na watu wa boda walipita bila kupunguza mwendo, kwa sababu pale ndipo alipouawa Tonny, mtoto wa Roselyne, kijana wa miaka kumi na tisa.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, siku ya soko, asubuhi, na watu wote wa hapa walikuwa sokoni. Gathoni alikuwa amesimama kwenye kalvati na magunia yake akingoja gari. Kundi likaja kutoka upande wa Webuye, wanaume wageni juu ya pikipiki, wakimfukuza kijana mwenye shati jekundu. Walisema ameiba pikipiki na kuificha. Wakamwangusha pale. Mmoja wao, mzee mzima mwenye jiwe mkononi, akauliza kama kuna mtu anayemjua huyu. Wakati huo huo Roselyne alikuwa akitokea kwenye kona na kikapu. Wakamvuta mbele, wakamwuliza, "Mama, huyu ni wako?"

Gathoni alikuwa hatua sita kutoka pale. Aliuona uso wa Roselyne ukipauka. Aliwaona wale wanaume na mawe yao, na akamsikia yule mama akisema, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuisikia kwake kabla wala baada, "Not my child."

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Watu wa soko walipofika, wageni walikuwa wameondoka na Roselyne alikuwa amemlalia mwanawe akilia kwa Kibukusu. Kila mtu akadhani amechelewa kufika. Siku tatu baadaye ile pikipiki ikapatikana kwa mtu mwingine kabisa. Roselyne hakumwambia mtu kwamba alimkana mwanawe, na Gathoni pia hakusema. Kwa nini aseme? Alijiambia hivyo kila alipokumbuka. Neno lake lingefaa nini siku ile? Mtu aliyeambiwa arudi kwao ana ushahidi gani katika mambo ya wenyewe? Alilirudia jibu hilo mara nyingi mpaka likazoea mdomo wake, na usiku alilala.

Jambo moja tu hakupenda kulikumbuka. Katika nyumba ile, Tonny peke yake ndiye aliyekuwa akimsalimu. Mama yake akiwa hayupo, alivuka barabara akamwinulia magunia, akasema, "Sasa, Mama Ciru," kisha akarudi mbio.

Alhamisi steji ilijaa. Watu wa boda walikuja na vizibao vyao vya reflekta, akina mama wakaacha vibanda, hata mwenye kinu akazima mashine. Edah aliketi kwenye kiti cha plastiki na daftari magotini. Walubengo akasimama, akaomba kwa ufupi, akaeleza sheria kana kwamba kuna mtu asiyeijua.

Walianza upande wa Kitale. Wait For Me ikapita kwa kicheko. Ask My Husband ikapita, na yule mama mwenyewe akapunga mkono. Am Coming ikazua mabishano kidogo, kwa sababu mmoja wa wakwe alikuwepo na alitaka iandikwe jina kamili la mkosaji. Edah alikuwa akicheka huku akiandika. Kisha akasoma, "Go Back Home."

Kicheko kikapungua. Walubengo akakohoa. "Hii aliitamka Mama Tonny. Mashahidi wako watano, watatu wako hapa. Mwenyewe tunakuuliza mbele ya watu, umemeza ama bado iko?"

Roselyne alikuwa amesimama nyuma, ameegemea nguzo. "Iko," akasema.

"Mama Tonny, hata kama ni kwa ajili ya amani bana."

"Nimesema iko. Andika."

Edah akamtazama Gathoni kupitia juu ya miwani, kama anayeomba radhi, akaandika. Mtu mmoja nyuma akaguna kwa furaha. Gathoni alisikia damu ikimpanda. Angeliona jina lile kwa chuma kila siku akifungua kibanda, na wajukuu wake wangelisoma. Alitazama kile kichwa kilichoinuka kwenye nguzo, akaona kwamba kuna njia moja tu ya kukiinamisha.

"Kipande kinachofuata," Edah akasema, "ni hapo kwa kalvati. Hapa hakuna jina. Ni kweli?"

Watu wakatazama chini. Walubengo akasema kwa haraka, "Hapo hatuna jina, karani. Andika tu kalvati."

"Iko jina," Gathoni akasema.

Alikuwa amesimama bila kujua ni saa ngapi amesimama. Watu wote wakageuka.

"Inaitwa Not My Child."

"Hiyo ni ya wapi?" Walubengo akauliza. "Nani alitamka?"

"Roselyne. Ile siku. Waliuliza huyu ni wako, na yeye akasema hiyo. Mimi nilikuwa hapo. Nilisikia na haya masikio."

Mwenye kinu akavua kofia. Gathoni alikuwa amengoja kuiona saa hii, na sasa ilipofika alijikuta hawezi kuangalia upande wa nguzo. Alitazama daftari la karani.

Walubengo alikuwa amebadilika rangi. Akafuta uso kwa mkono. "Sawa," akasema. "Nani mwingine alisikia? Shahidi wa pili." Akawatazama watu wake mmoja mmoja, na kila mmoja akatikisa kichwa, kwa sababu wote walikuwa sokoni siku ile. Sauti ya Walubengo ikapata nafuu. "Hakuna. Shahidi mmoja ni umbea, na huu ni umbea mbaya sana, Mama Ciru. Ungejiheshimu. Karani, futa. Tunapita."

Sehemu moja ya moyo wa Gathoni, ambayo hakuijua, ikamshukuru Mungu. Akaanza kukaa.

"Msipite," Roselyne akasema.

Alitoka kwenye nguzo akaja mbele. Watu wakampisha. Alisimama karibu na kiti cha Edah, mikono yake imening'inia, akaongea bila ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo.

"Shahidi wa pili ni mimi. Nilisema. Yule mzee alikuwa na jiwe, na wengine walikuwa na mafuta kwa chupa, na mimi nikaona nikikubali watatuua wote wawili. Nikasema hiyo maneno. Mnaniona nafungua duka kila asubuhi, mnasema Mama Tonny ni chuma. Kila asubuhi ndio naisema tena. Andika, msichana. Na mtu akiuliza alikuwa mtoto wa nani, sema alikuwa wangu."

Mama mmoja akaanza kulia. Walubengo akanyoosha mkono kumshika bega, Roselyne akausukuma.

"Sijamaliza. Si sheria yenu inataka waliosikia? Basi sikieni. Huyu alikuwa amesimama na magunia yake, karibu kunishinda mimi. Nilikuwa namuona. Nilipotoa hiyo maneno sikuangalia Tonny, niliangalia yeye. Nikasema kwa roho yangu, huyu watamsikia. Mimi wakinisikia watasema mama anaficha mtoto wake mwizi. Rakini huyu si wa kwetu, si wa ukoo, ata kabila ni ingine, hana sababu ya kudanganya. Akisema tu namjua huyu kijana, ananibebea viazi, ni mtu mzuri, watamwachilia. Tonny alikuwa anakubebea, unadhani sikuwa naona? Nilikuwa naona kwa dirisha. Nikangoja. Nikakungoja wewe, Mama Ciru."

Alikuwa amemgeukia sasa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili hakukuwa na dharau usoni mwake. Ilikuwa chuki safi, iliyooshwa, na Gathoni akaelewa kwamba chuki hii haikuwa ile ya viazi na lori. Hii ilikuwa na miaka sita, na yeye alikuwa akiichanganya na ile nyingine muda wote huo.

Edah hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mgeni, na kwenye ukurasa wake aliona tu kwamba ana mashahidi wawili na mmoja hajamaliza kueleza. Akasukuma miwani juu. "Shahidi wa kwanza," akasema taratibu, "na wewe ulisema nini?"

Gathoni alilitafuta lile jibu lake. Lilikuwepo, limekaa pale pale lilipozoea kukaa: neno la mgeni lingefaa nini. Lakini Roselyne alikuwa ametoka kusema, mbele ya watu wote, kwamba neno la mgeni ndilo pekee ambalo lingefaa. Basi likabaki lile la chini yake, ambalo hakuwahi kuliambia hata moyo wake. Siku ile, hatua sita kutoka pale, alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu ya kutosha. Na aliitumia kumtazama Roselyne, kuona mwanamke mwenye kiburi kile ataanguka mpaka wapi.

Watu walikuwa wakingoja. Vijana wa reflekta, mabibi wa kanisa, mwenye kinu na kofia yake mkononi.

"Sikusema kitu," akasema.

Edah akaandika. Kalamu ilikwama, akaitikisa, akaandika tena. Roselyne alisimama mpaka akahakikisha limeisha kuandikwa, kisha akainama akaweka sahihi yake mahali pa shahidi wa pili, kwa mwandiko mrefu wa mtu aliyesoma. Akaachia kalamu juu ya daftari, akaondoka kuelekea dukani bila kumtazama mtu.

Nafasi ya shahidi wa kwanza ilikuwa bado wazi. Edah akamgeuzia Gathoni daftari, akamwonyesha mstari kwa kidole. Gathoni akaja mbele, na hakuna aliyempisha. Ilimbidi apenye kati ya mabega yao. Akaandika jina lake lote, Gathoni wa Kimotho, kwenye mstari wenye maneno Not My Child, chini kidogo ya mstari wenye Go Back Home. Walubengo akauliza kama kuna mwenye swali lolote. Hakukuwa na swali, wakaendelea na kipande kinachofuata.